Corsair RM1000x: nimeibebesha taa za gari hapa Mtwara, majibu haya hapa

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka zake aondoke nalo. Kama kompyuta yako ina kadi ya grafiki ya kawaida, unacheza gemu kidogo, unaediti video za hapa na pale, usinunue pawa saplai ya wati 1000, chukua ya 650 iliyo nzuri na hela inayobaki weka kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika. Lakini kama una likadi kubwa na mashine inakuzimikia katikati ya kurenda, yani kompyuta inapotoa video iliyokamilika, basi kaa chini usome, maana hii Corsair RM1000x mimi nimeikubali, na nimeikubali baada ya kuitesa, sio kwa kusoma boksi.

Mashine yangu ni ya kazi, tuna ofisi ndogo ya video hapa Mtwara mjini, harusi, mahafali, na kipindi cha jando na unyago ndo hatulali. Ndani kuna prosesa ya Ryzen 9 5950X na kadi ya grafiki ya RTX 3090 ya yuzdi. Hiyo kadi ilitoka 2020 na ina memori ya 24GB ndo maana watu wa video tunaing'ang'ania mpaka leo, sema kwenye umeme ni mlafi, wati 350 yenyewe peke yake. Prosesa ikikaza inafika kama 140, weka diski, feni na mazagazaga mengine, unaangukia 550 hivi. Sasa mtu atakwambia si pawa saplai ya 750 inatosha na chenji inabaki? Kwa hesabu za daftari anasema kweli. Ninayo ya 750, jina lake naliacha, na mashine ilikuwa inajizima tu pwaa kama mtu kachomoa waya, tena sio kila siku, inachagua siku ambayo mwenye harusi kaja kukaa pembeni yako na flashi mkononi.

Kwanini inazima wakati wati zinatosha? Hapa ndo wengi tunadanganyana. Ile 350 ya kadi ni wastani. Kadi za siku hizi ndani ya milisekunde chache zinaweza kuruka mpaka zaidi ya 500 alafu zikashuka, wewe huoni kitu, kimita cha ukutani hakioni kitu, lakini pawa saplai inaona, na kama ulinzi wake ni mkali au kapasita zake (vile vya ndani vinavyotunza umeme) ni ndogo inadhani kuna shoti, inajifunga. Na ikishajifunga hairudi kwa kubonyeza swichi ya mbele, lazima uzime nyuma kabisa usubiri kidogo uwashe tena. Ukiona dalili hiyo acha kupiga windows upya kila wiki, windows haina kosa. RTX 3090 na ndugu zake wamelifanya hili tatizo lijulikane dunia nzima, ndo maana kiwango cha ATX 3.0 (kanuni za kutengenezea pawa saplai) kilichotoka 2022 kinataka pawa saplai ivumilie mruko wa mara mbili ya wati zake kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Hii yangu ni toleo la 2021, kwahiyo kwenye karatasi haina hiyo sifa, na ndo ilinifanya nitake kuipima badala ya kuiamini.

Sasa utaipimaje? Kompyuta yangu ikivuta kwa nguvu zote, FurMark inachoma kadi na Prime95 inachoma prosesa kwa pamoja, ukutani inasoma kama wati 590. Hiyo ni kuipima nusu, na mashine ya kitaalamu ya kupimia hapa Mtwara sijaiona. Nikaenda kwa fundi umeme wa magari. Taa za mbele za H4 zina nyaya mbili za kuwaka ndani, fulu na dimu, na ikiungua moja mwenye gari anabadilisha taa nzima, kwahiyo kwa mafundi kuna taa kibao zimetupwa ambazo fulu imekufa lakini dimu bado nzima, wati 55 kwa volti 12. Nikamwambia fundi naomba za bure, akaniuliza "kaka unafungua gereji au unatega samaki usiku?" nikamwambia zote, akanipa. Nikapata 16 nzima. 16 mara 55 ni 880. Hapo sasa.

Nikazifunga kwa mafungu ya nne nne, kila fungu na swichi yake, nikagawa mzigo kwenye waya zote za kadi na za prosesa ili waya mmoja usibebe yote, nikatandika bati kuukuu kwenye sakafu ya sementi maana taa za gari zikiwaka pamoja ni jiko hilo, na kioo chake usikishike kwa vidole vya mafuta kitapasuka. Kuiwasha bila madabodi ni kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi ya pini 24, watu wanatumia hata kipini cha karatasi. Kama hujawahi, usianzie kwangu, mtafute fundi asimame hapo, na usije ukaifungua pawa saplai yenyewe kwa ndani, kapasita zake zinabaki na umeme wa kukurusha hata baada ya kuchomoa.

Kwanini taa na sio hita au kitu kingine? Kwa sababu waya wa taa ukiwa wa baridi unavuta umeme kama mara kumi ya kawaida yake mpaka upate moto. Yani kila ukiwasha fungu unaipiga pawa saplai ngumi ya ghafla, kitu kile kile ambacho kadi inaifanyia. Fungu la kwanza likawaka, la pili, la tatu, la nne, haikutetereka, na maltimita kwenye 12V ilitoka 12.08 ikaishia 12.01. Kiwango cha ATX kinaruhusu mpaka 11.40, kwahiyo hapo hata haijatoa jasho. Ukutani ilisoma 970 na kitu. Nikaiacha hivyo kama nusu saa, chumba kikawa tanuri, feni ikaanza kusikika kweli kweli lakini sio ile kelele ya kukera, ni upepo tu.

Alafu nikazima zote zikapoa, nikawasha 16 kwa mpigo mmoja. Ikakataa, tik, kimya. Nikazima swichi ya nyuma, nikasubiri, nikawasha, ikaamka kama haikutokea kitu. Hili jibu nililipenda kuliko ya kwanza. Ile ngumi ilikuwa kubwa kupita kiasi, hakuna kadi ya duniani inapiga vile, na kitu sahihi kwa pawa saplai kufanya ni kukataa na kubaki nzima. Zile za bei ya mteremko zinachagua njia ya tatu, zinakubali na kuungua, na zikiondoka mara nyingine zinaondoka na madabodi.

Ukungu wa umeme, ile mitetemo midogo inayopanda juu ya 12V, maltimita haioni, inataka osiloskopu. Jamaa yangu anatengeneza TV ana ka osiloskopu kadogo ka Kichina, tukapima na mzigo wote ukiwa juu, haikufika milivolti 30, wakati kiwango ni mwisho 120. Kale kamashine sio ka maabara kwahiyo chukueni kama picha ya jumla. Picha ni nzuri.

Nirudi kwenye 550 na 1000, maana kuna atakayesema nimelipia wati 450 za kukaa bure. Pawa saplai inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa imebebeshwa kama nusu. Hii ina cheti cha 80 Plus Gold, cheti cha kutopoteza umeme mwingi njiani, na kwa umeme wetu wa 230V Gold inatakiwa kwenye nusu ya mzigo ifike asilimia 92, maana yake ili impe kadi na wenzake wati 500 inavuta ukutani kama 543. Ya asilimia 80 kwa kazi hiyo hiyo inavuta 625. Tofauti ni wati 82, ukirenda saa kumi kwa siku unapishana yuniti 0.82. Kwa LUKU ya nyumbani elfu kumi inakupa kama yuniti 28, kwahiyo hapo ni shilingi 290 hivi kwa siku, mwezi wa kazi 7,500. Sio utajiri, haikulipi bei ya pawa saplai mwaka huu wala mwakani, na anayekwambia ununue Gold kwa sababu ya bili anakuuzia maneno. Faida yenyewe ni kwamba zile wati 82 zilizopotea zinageuka joto ndani ya kesi, na Mtwara mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili, joto jingine la nini?

Kwa habari ya joto, feni yake ikiwa na mzigo mdogo haizunguki kabisa. Ukiandika barua au kuangalia muvi iko kimya kama haipo. Watu huwa wanaogopa wanadhani mbovu, sio mbovu, ndo ilivyotengenezwa. Corsair wanasema inabeba wati zake zote mpaka kwenye joto la nyuzi 50, na kwenye chumba changu kisicho na AC sijaiona ikilalamika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chumvi. Ukikaa Shangani au kule Mikindani upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye droo, ile ya zamani skrubu zake zilikuwa zimeota kutu nyekundu, na vumbi likichanganyika na unyevu linakuwa kama tope kwenye feni. Funga kesi vizuri, zile nafasi za nyuma ziwe na vifuniko vyake, sio kwa ajili ya vumbi tu. Mjusi kafiri anapenda joto. Fundi yeyote wa kompyuta ukanda huu amewahi kutoa mjusi aliyekauka ndani ya pawa saplai, alilalia mahali pa volti mia tatu na ushee ndo ikawa safari ya wote wawili.

UPS sasa, na hapa msome taratibu kwa sababu ndo maswali mengi ninayoulizwa. Wageni wanatushangaa, gesi ya Mnazi Bay inatoka hapo Msimbati, mitambo ya umeme wa gesi iko hapa hapa, bomba likapelekwa mpaka Dar es Salaam likazinduliwa 2015, sasa nyie UPS za nini? Ndugu zangu gesi kuwa jirani haimzuii mnazi kuangukia waya, wala radi za kiangazi kinapoisha mvua zinapoanza. Umeme utakatika na utarudi, na unaporudi ndo hatari.

Pawa saplai nzuri inashikilia kidogo umeme ukikatika, kama milisekunde 16 hivi, kwa kile kilichobaki kwenye kapasita kubwa. UPS za kawaida zinachukua kati ya milisekunde 4 na 10 kuhamia kwenye betri. Kwahiyo zinakutana, kwa karatasi. Nilichomoa UPS ukutani wakati mashine inarenda. Ile ndogo ya 650VA ambayo wengi mnayo ikalia mlio mmoja mrefu ikazima na kila kitu, na haikuwa kosa la Corsair, 650VA sio wati 650, angalia nyuma utakuta wati 390 au chini ya hapo, na mimi nilikuwa navuta karibu 590. Ya 1500VA yenye wati 900 ikabeba, dakika chache tu, zinatosha kusevu na kuzima kwa adabu.

Kuna kingine. UPS za bei rahisi zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi la umeme la mviringo kama la ukutani, zinatoa la ngazi ngazi, na pawa saplai zenye PFC ya kisasa (sakiti inayolainisha uvutaji wa umeme ukutani), hii ikiwemo, nyingine huwa hazilipendi, zinazima hata kama wati zipo. Yangu ilikubali, ila kuna mngurumo kidogo ukitega sikio. Kabla hujanunua UPS nenda dukani na mashine yako, muombe muuzaji achomoe plagi mbele yako. Akikataa, toka. Na mbele ya yote kuwe na gadi ile inayochelewesha dakika kadhaa umeme ukirudi, kwa sababu RM1000x inakula kuanzia volti 100 mpaka 240, umeme wa jioni ukishuka mpaka 190 haijali kabisa, lakini ukija wa 280 hiyo sio kazi uliyoinunulia.

Kwa wale mtakaokwenda kutafuta nyingine tofauti na hii, geuza ubavuni usome kijikaratasi, achana na namba kubwa ya kwenye boksi. Tafuta mstari wa 12V unasema ampea ngapi, zidisha kwa 12. Hii yangu imeandikwa 83.3, mara 12 unapata 1000, ukweli mtupu. Nimeshika nyingine dukani boksi linasema 600 alafu 12V yake ampea 20, hizo ni wati 240, ndugu yangu, nyingine zote zimo kwenye wino. Ukiiinua nyepesi kama kopo tupu, rudisha. Ukikuta nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, hiyo ni teknolojia ya kizamani na mtoto akikichezea ukawasha kwenye umeme wetu utasikia mlipuko ambao majirani watakuja kuuliza.

Waya zake zote zinachomoka, unaweka unazohitaji tu, kesi inabaki safi. Lakini usitumie waya za pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande wa kadi pini zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka, unaweza kupeleka 12V pale diski inategemea 5V, na diski ikiungua na harusi ya watu ndani yake utahama mji. Pia waya wa ukutani tumia uliokuja nao kwenye boksi na usipitie kwenye ekstensheni nyembamba, nilipokuwa na taa zote juu ekstensheni ya ofisini ilikuwa ya moto kiganjani, nikahamia soketi ya ukutani.

Kinachonikera: ni ndefu, sentimita 18, kwenye kesi ndogo ukiweka na sehemu ya diski chini utapambana, mimi ilibidi nitoe kile kiboksi cha diski. Waya ule mkubwa wa madabodi ni mgumu kuukunja. Na toleo hili halina ile plagi mpya ya pini 16 ya RTX 4090 na kuendelea, utatumia adapta, na adapta ndo zile zilizoanza kuyeyuka mwishoni mwa 2022 watu wasipozisukuma mpaka mwisho, kadi yenyewe wati 450. Kama unaenda huko tafuta toleo jipya lenye plagi yake kabisa.

Bei mimi niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi, pamoja na nauli ya mzigo ikanigharimu laki tano na nusu. Ni hela ndefu, subirini msimu wa korosho watu walipe madeni ndo mnunue. Warranty ni miaka kumi ya kampuni, lakini ukiwa Mtwara warranty yako ni yule muuzaji wa Dar, kwahiyo mwambie aandike serial namba ya ubavuni kwenye risiti, sio "PSU 1" kama wanavyopenda, na akikwambia wiki mbili tu, shusha bei au tafuta duka la pili, mtaa ule ule yapo mengi.

Taa za gari bado ninazo 14, mbili zimeungua. Mwenye pawa saplai yake anataka tuibebeshe aje nayo ofisini, soda juu yake, ila zile nyepesi nyepesi tutazipimia nje uani.